Friza la inverter, laki tatu zaidi: hesabu yangu ya Wete

Mimi nauza barafu, malai na juisi za ukwaju na bungo hapa nyumbani kwangu Wete, Pemba. Friza ndiyo biashara yenyewe. Likifa leo, kesho watoto wa skuli wanapita mlangoni mikono mitupu na mie sina cha kutia kibindoni. Ndiyo maana nataka kulieleza kwa urefu hili nililolinunua: friza la inverter, la Kichina, la kulala, lita 200. Limeshapita kaskazi, limepita masika na limefanya kazi ya Ramadhani, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, si ya kusimuliwa.

Dukani, Darajani kule Unguja, yalikuwa mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu. Rangi moja, ukubwa mmoja, hata mkono wa mfuniko ni mmoja. La kawaida shilingi 620,000. La inverter 920,000. Laki tatu kwa mtu wa biashara yangu ni sukari, maziwa ya unga na vifuko vya barafu vya muda mrefu, si pesa ya kuitoa kwa sababu tu muuzaji amepamba maneno. Na kweli aliyapamba. "Mama, hili linajilipa lenyewe ndani ya mwaka mmoja," akaniambia. Hilo si kweli, na nitaonyesha kwa nini si kweli. Lakini friza lenyewe nalisifu, na ningeambiwa ninunue tena leo ningelichukua hilohilo.

Kwanza tuelewane linavyofanya kazi, maana wengi tunadhani inverter ni kibandiko cha kupandishia bei. Kompresa, ile mota inayolipoza friza, ikiwa ya kawaida ina mambo mawili tu: kuzunguka kwa nguvu zote au kuzima. Ikipoza inazima, joto likipanda inawaka tena, na kila inapoanza kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea. Ndiyo sababu taa ya jikoni huwa inapepesa friza linapoanza. Kompresa ya inverter ina bodi ya kielektroniki inayoipunguza na kuiongeza mwendo. Ukitia maji mapya inakaza mwendo, yakishaganda inakwenda polepole, taratibu, mchana na usiku. Haina ule mshtuko wa kuanza, wala haina makelele. Usiku unaweza kudhani limezima.

Mtoto wa dada yangu ni fundi umeme. Aliniletea kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Friza linachomekwa kwenye kipimo, nacho kinaandika yuniti za umeme, yaani kilowati-saa, zinazopita. Wallahi, kila nyumba yenye biashara kama yangu ingekuwa nacho, maana mita ya TUKUZA, hii yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakuonyesha nyumba nzima imekula nini, lakini haikwambii nani aliyekula. Friza langu la zamani lilikuwa la mtumba na mpira wa mfuniko umeshachoka. Lilikuwa linakula yuniti tatu na kitu kwa siku ya kazi. Jirani yangu naye anauza barafu na ana friza jipya la kawaida, ukubwa uleule. Kwake kipimo kilisoma 2.4. Langu la inverter, siku ninayogandisha kiasi kama chake, linasoma 1.7 au 1.8.

Angalieni hapo. Ningelinganisha la inverter na lile chakavu langu, ningepata ushindi mkubwa na kuuimba. Huo si ulinganisho wa haki. Mtu anayesimama dukani anachagua baina ya jipya la kawaida na jipya la inverter, na tofauti yao ni yuniti 0.6 na ushei kwa siku. Kwa mwaka mzima ni yuniti 220 hadi 240. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyoko kwenye risiti yako. Kwa ninavyolipa mimi, zile laki tatu zinarudi kwenye mwaka wa tano. Mwaka wa tano, si wa kwanza. Na hiyo ni kwangu, ambapo friza linagandisha maji kila siku ya Mungu. Nyumba inayoweka samaki wa wiki na nyama ya Ijumaa tu, tofauti ya yuniti ni ndogo zaidi, na umeme peke yake utachelewa sana kuzirudisha hizo pesa. Muuzaji anajua hivyo au hajui, lakini mnunuzi anapaswa kuambiwa.

Kugandisha maji ni kazi nzito, na watu wengi hawaijui hesabu yake. Lita moja ya maji ya joto la nyuzi 28, kama yanavyotoka kwenye tangi letu, kuifikisha barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri unatakiwa uitoe joto la yuniti 0.13 hivi. Lita kumi ni yuniti 1.3 za joto. Friza halili umeme wote huo, kwa sababu kazi yake ni kulihamisha joto, si kulitengeneza, lakini hakuna friza duniani linaloikwepa kazi yenyewe. Kwa hiyo nilichokifanya ni kulipunguzia mzigo. Maji ninayochemsha nayaacha yapoe kabisa, kisha yanalala kwenye mtungi. Mtungi wa udongo unatoa jasho na maji yake yanashuka nyuzi kadhaa bure, bila ya senti. Nafunga vifuko usiku, navitia kabla ya kulala, na asubuhi kumekucha vimeshakuwa mawe. Mambo haya yanamfaa hata mwenye friza la kawaida, na hayana laki tatu.

Sasa, kama umeme unarudisha pesa mwaka wa tano, mbona nalisifu? Kwa sababu yuniti ni sehemu moja tu ya gharama, na kwetu huku wala si ile inayouma zaidi.

Kinachouma ni umeme mdogo. Nyumba yangu iko karibu na mwisho wa laini. Ikifika magharibi taa zinafifia na feni inazunguka kwa uvivu. Ramadhani ndiyo balaa, maana tangu alasiri kila nyumba inapika futari, mafriji yanafunguliwa na kufungwa, na huo ndio wakati ambao watu wananigongea kutaka barafu. Lile la zamani saa hizo lilikuwa likijaribu kuanza linanguruma mmm, kisha tak, kimya. Baada ya dakika chache tena: mmm, tak. Kila mnguruma ni kompresa inayojaribu kuzunguka na umeme hautoshi, waya za ndani zinapata moto. Mwisho wake ziliungua. Kompresa mpya, gesi na ufundi vikawa karibu laki tatu. Mnaiona hiyo laki tatu? Ni ileile ya tofauti ya dukani, lakini hii hulipi kwa hiari yako na hulipi siku unayotaka wewe. Na bado hujahesabu malai yaliyoyeyuka, wala samaki wa wavuvi waliokuwa wameniwekea amana, wala wateja waliokwenda kwa mwengine wakazoea huko.

La inverter linaanza taratibu, halihitaji ule mvuto mkubwa, kwa hiyo linahimili umeme mdogo. Kwenye boksi wameandika volti 140 hadi 260. Maandishi ya kiwandani mtu huyasoma akiwa na tahadhari, basi nikamwambia yule mtoto wa dada yangu, fundi, aje na mita yake mwezi wa Ramadhani kabla ya adhana ya magharibi. Soketi ilisoma volti 172. Friza la jirani lilikuwa kimya. Langu lilikuwa linazunguka, ukiweka kiganja ubavuni unasikia mtetemo mdogo, na vifuko vya ndani vimeganda vizuri. Mie baada ya hapo sikutaka tena kusikia habari za mwaka wa ngapi.

Mtu atasema, si anunue la kawaida na stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme? Anaweza. Lakini stabilaiza nzuri ya kubeba friza nayo ina bei yake, inakula umeme kidogo saa zote, na hewa ya chumvi huku inaifanyia kazi kama inavyokifanyia kila kitu cha chuma. Ukijumlisha, tofauti ya laki tatu imeshapungua sana kabla hata ya kuhesabu yuniti.

Ubaya wa friza hili uko mahali pamoja, nao ni bodi. Kompresa ya kawaida fundi yeyote wa Wete au Chake Chake anaijua. Bodi ya inverter ni jambo jengine. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo inaweza kuungua, radi za masika zinaweza kuiunguza, na mijusi ikiingia nyuma kutafuta joto ndiyo kabisa. Nimeweka gadi ya friji kwenye soketi. Umeme ukirudi inangoja dakika kadhaa hadi utulie ndipo inaruhusu. Bei yake ni ndogo na naihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya friza. Nyuma nimefunga wavu mwembamba kuzuia mijusi, nikaacha hewa ipite. Upande wa bahari nimeweka ukuta, si mlango wa ua, ili upepo wa chumvi usilipige moja kwa moja.

Na hapa ndipo nalipunguzia duka alama. Nilimwuliza muuzaji: bodi ikifa, mnayo? Akazungukazunguka, mwisho akasema inaagizwa Dar es Salaam. Kadi ya waranti nayo imeandikwa kwa herufi kubwa: kompresa miaka 10. Ukisoma chini kwa herufi ndogo, friza zima ni mwaka mmoja. Bodi iko kwenye hilo "friza zima". Na kompresa ya inverter bila bodi haizunguki hata kidogo. Kwa hiyo ile miaka 10 inalinda kitu ambacho ndicho cha mwisho kufa. Mama mwenzangu, ukienda dukani usiulize "waranti miaka mingapi", uliza "bodi miaka mingapi, na iko wapi". Mimi nimeshaweka akiba ya bodi pembeni, laki moja na nusu, tangu mwanzo. Nimeihesabu kwenye bei. Hata nikiitumia, bado friza hili kwangu ni rahisi kuliko kuchoma kompresa.

Nyuma ya kila friza kuna kibati. Watu wanalipa laki tisa hawajakiinamia. Kwenye changu kuna lita, kuna wati, kuna herufi T, na gesi R600a gramu 58. Herufi hiyo ni ya hali ya hewa: N limetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Jikoni kwangu kaskazi ikipamba moto, jiko linawaka na bati juu linachemka, nyuzi 32 ni za asubuhi tu. Friza la N likiwekwa hapo linafanya kazi bila ya kupumzika na halifikii ubaridi wake. Mafriza mengi ya mtumba kutoka Ulaya ni ya N au SN (nayo mwisho wake ni nyuzi 32), kwa sababu huko kwao ndiyo joto lao. Hayana kosa, hayakutengenezwa kwa Pemba.

Hayohayo ya mtumba mara nyingi yana kibandiko cha rangi chenye A+ au A++, na muuzaji anakuonyesha kwa kidole. Ulaya walibadilisha vibandiko hivyo mwaka 2021, wakaondoa alama zote za kujumlisha na kurudi kwenye A mpaka G kwa vipimo vikali zaidi. Friji iliyokuwa A++ kwa kipimo cha zamani inaweza kuangukia E au F kwa kipimo kipya. Bora usome ile namba ya chini, yuniti kwa mwaka, uigawe kwa 365. Na hata hiyo imepimwa kwenye chumba cha maabara, si kwenye ukumbi wenye watoto wanaofungua mfuniko kila dakika kuangalia kama malai yameganda.

Kuhusu gesi: R600a inashika moto, ndiyo maana wanatia gramu chache tu. Fundi akija akisema "nakuongezea gesi kidogo" na chupa aliyobeba ni R134a, mshukuru na umtolee chai, lakini asiguse friza. Mafuta ya kompresa na kipimo cha gesi havilingani, na friza litakuwa halipoi vizuri tena. Na wa kuchomea bomba la friza lenye R600a awe ni mtu anayejua kuitoa gesi kwanza, milango na madirisha yakiwa wazi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu mafundi wetu wengi wamelelewa kwenye gesi za zamani.

Mpira wa mfuniko upimeni kabla ya kutoka dukani. Weka noti, funga mfuniko, vuta. Ikitoka kwa ulaini, mpira haushiki. Fanya hivyo pande zote nne. Langu lilikuwa legevu pembeni kushoto, wakanibadilishia hapohapo bila ya maneno, na hapo duka nalipa sifa yake. Friza la kulala lina faida nyengine: ukifungua, baridi inabaki chini, tofauti na la kusimama ambalo baridi yote inakumwagikia miguuni. Likiwa limejaa na hulifungui, linashika ubaridi siku nzima na zaidi umeme ukikatika. Ndiyo maana mie siliachi tupu. Pasipo biashara nalijaza chupa za maji.

Habari ya kukatika umeme si ndogo kwa visiwa hivi. Sisi Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha mpaka ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mwaka 2010. Unguja waya wao kutoka Ras Kiromoni kwenda Fumba ulileta shida mwaka 2008, wakakaa giza kama mwezi, kisha tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mdogo wangu anakaa Fuoni na hakusahau. Baadaye, mwaka 2013, Unguja walipata waya mpya wa megawati 100, lakini yeye alikuwa ameshaapa kuwa nyumba yake itakuwa na jua lake.

Sola yake ndiyo iliyonifunza jambo ambalo muuzaji wa friza hakulijua. Alikuja fundi kupiga hesabu ya paneli na betri, akauliza kila kitu ndani ya nyumba kinakula nini na kwa saa ngapi. Friza la kawaida likala nusu ya karatasi. Alipobadilisha kwenye hesabu akaweka la inverter, betri moja ikatoka. Fikiria: betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina yuniti 1.2, lakini ukiitoa zaidi ya nusu kila usiku unaiua mapema, kwa hiyo unayopata ni 0.6. Ndiyo ileile tofauti ya mafriza mawili kwa siku. Yaani laki tatu ya friza inaokoa betri nzima, na betri ya asidi inayotumiwa kila usiku unaibadilisha baada ya miaka michache, kisha tena, kisha tena. Mwenye kufikiria sola hata ya miaka ijayo aanze na vitu vinavyokula kidogo, ndipo anunue paneli. Wengi wanafanya kinyume: wananunua paneli kwanza, halafu wanashangaa mbona friza halifiki asubuhi.

Yeye alichukua betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya asidi na alisita sana. Lakini hiyo unaitumia asilimia 80 na zaidi bila ya kuiumiza, na inahimili kujazwa na kutolewa maelfu ya mara, wakati ya asidi mia tatu mpaka mia tano huwa imeshachoka. Kwa nyumba inayotumia betri kila usiku, ya asidi ndiyo ghali. Kwa mtu anayetaka taa mbili za dharura umeme ukikatika mara mojamoja, ya asidi inamtosha, asijitie deni. Nilipenda pia kwamba hakuchagua fundi kwa bei ya chini. Alichagua aliye karibu, anayerudi akiitwa. Unguja wana bahati, kuna hata akina mama waliofundishwa umeme wa jua pale Kinyasini kwenye chuo cha Barefoot College, na mwanamke mwenzako akikupandia juu ya bati kuangalia nyaya unajisikia vizuri kumwuliza kila kitu. Boliti za paneli aliweka za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida, kwa chumvi yetu, haziendi mbali.

Basi kipimo nilichobaki nacho ni saa. Kitu kinafanya kazi saa ngapi kwa siku? Friza linafanya saa 24, ndiyo maana inverter inastahiki. Feni ya chumbani inafanya kazi usiku kucha na mchana wa kaskazi. Ya kawaida ya darini ni wati 70 na kitu, za mota mpya hizi zinazokuja na rimoti ni 30 hivi, na upepo ni uleule. Hizo nazishauri, na taa za LED ndizo usiulize, balbu ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya 60. Kiyoyozi: kijana wangu analala nacho kila usiku, nikamwambia achukue cha inverter na asibane pesa, na aulize kama mabomba na mapezi ya kile cha nje yamepakwa kinga ya chumvi, maana huku kisicho na kinga kinaliwa na kutu kabla hakijarudisha faida yoyote. Lakini shangazi yangu alitaka cha inverter kwa ajili ya ukumbi wa wageni, unaofunguliwa Idi na siku za posa. Nilimkataza kwa heshima. Saa chache kwa mwaka hazirudishi kitu. Pasi na birika vilevile, sioni sababu ya kulipia zaidi.

Kwa jumla friza nalipa alama 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa sababu ya bodi na ile waranti ya herufi ndogo. Duka nalipa 6. Walibadilisha lenye mpira mbovu bila ya ubishi, bei hawakunidanganya, lakini ile ahadi ya kujilipa ndani ya mwaka mmoja walitakiwa waache kuisema.

Anayetoka Pemba kwenda kununua Unguja ajue pia habari ya njia. Friza lisafiri wima, walinzi wa mzigo melini waambiwe na walipwe kitu kidogo wasililaze. Likifika nyumbani lisiwashwe papo hapo. Mie niliacha likalala usiku mmoja limesimama, mafuta ya kompresa yarudi pahala pake, ndipo nikachomeka. Nauli ya mzigo, hamali wa bandari ya Malindi, Unguja, na mkokoteni wa kutoka bandarini Wete vilinitoka kama elfu hamsini. Ziongeze kwenye bei kabla hujalinganisha na yanayouzwa Chake Chake.